Sura ya Sita: Je, Selo Inaweza Kulipa Kodi ya Nyumba?

Mzazi wa Eastlands ambaye mtoto wake ameanza kujifunza muziki wa okestra huuliza swali lilelile, awe anaishi Buruburu, Kayole, Dandora au Korogocho: akishajua kupiga, kisha? Ualimu unajulikana, udereva unajulikana, hata urapa una mifano, kwa sababu kundi la Kalamashaka lilitoka Dandora mwishoni mwa miaka ya 1990 na nchi nzima ikalijua. Lakini mtu anayeketi na ala kubwa ya mbao katikati ya magoti, akaipitishia upinde jioni nzima, huyo anakula nini?

Swali hili ni la haki na linastahili jibu la mtu mzima. Sura hii inamfuata mpiga selo tangu anapoazimwa ala yake ya kwanza hadi anapoanza kupokea malipo, ili mzazi na kijana waone kazi hiyo inavyoundwa, inakolipa na inakokwama.

## Ala yenyewe, na mahali pake

Selo ni ala ya nyuzi nne, ya jamii moja na vayolini, ila ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito zaidi. Kiwiliwili chake kina urefu wa sentimita 75 hivi, na ukihesabu na shingo inafika mita moja na robo au karibu na hapo. Mpigaji huketi, ncha ya chuma iliyo chini ya ala ikasimama sakafuni. Upinde umefungwa nywele za mkia wa farasi, nazo hupakwa rozini, yaani utomvu wa msonobari uliogandishwa, ili ziushike uzi na kuutikisa. Bila rozini, upinde huteleza tu na sauti haitoki.

Wapenzi wa taarab wameisikia selo miaka mingi, hata kama hawakuitazama. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na katika taarab ya Zanzibar iliyokua kwa mtindo wa okestra za Misri, selo iliketi pamoja na vayolini, ganuni, udi na akodioni. Hadi leo selo ina nafasi yake katika vikundi kama Culture Musical Club. Kwa hiyo anayesema kwamba ala hii haina kwao Afrika Mashariki hajakaa ukumbini Zanzibar usiku wa taarab.

Kuna maneno mawili yatakayojirudia katika sura hii.

Okestra ni kundi kubwa la wapigaji, mara nyingi kati ya 60 na 100 kwa kazi kubwa za simfoni, wanaomfuata mwongozaji mmoja aliyesimama mbele. Selo humo huwa 8 hadi 12, na zote kwa kawaida hupiga mstari mmoja kama sauti moja.

Muziki wa chumba ni wa wapigaji wachache, wawili, watatu, wanne, kila mmoja na mstari wake, bila mwongozaji. Kundi linalojulikana zaidi ni kwateti ya nyuzi: vayolini mbili, viola moja na selo moja. Joseph Haydn wa Austria aliandika kwateti 68, na aina hii ya muziki ilipata umbo lake mikononi mwake.

Kwa ufupi: katika okestra mpiga selo anajificha ndani ya wenzake, katika muziki wa chumba hana pa kujificha. Kazi ya maisha yake itamtaka aweze yote mawili.

## Kwa nini tarumbeta ni nyingi na selo ni chache

Tembea Eastlands Jumapili asubuhi na hutakosa kusikia tarumbeta na ngoma. Jeshi la Wokovu lina bendi zake. Polisi na wanajeshi wana bendi zao. Starehe Boys' Centre, iliyoanzishwa mwaka 1959, imelea wapigaji wa bendi kwa vizazi. Vijana wengi wa mitaa hii walijua kupuliza tarumbeta kabla ya kumiliki viatu vya ngozi.

Siri yake ni umiliki wa ala. Tarumbeta ile si ya kijana. Ni ya kanisa, ya shule au ya kikosi. Kijana anakuja na mapafu yake na utayari wake, taasisi inampa ala, mwalimu na chumba. Akihama, tarumbeta inabaki na mwingine anaipokea. Kijana akikomaa, kuna kazi ya mshahara inayomngoja katika bendi ya polisi, ya jeshi au ya magereza.

Selo haikuwa na mlezi wa namna hiyo upande huu wa jiji. Wafundishaji wake walikuwa ng'ambo ya pili ya Nairobi. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa mwaka 1944, na makao yake yamekuwa karibu na Kenya National Theatre, jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Nairobi Orchestra ilianza mwaka 1947. Taasisi hizi zilizaliwa wakati wa ukoloni, katika jiji lililogawanywa kwa rangi, na Mwafrika wa Kaloleni au Shauri Moyo hakuwa akilini mwa waliozianzisha. Uhuru ulifungua milango, lakini haukufuta nauli, karo, wala bei ya ala.

Ndiyo maana kilichotokea Korogocho mwaka 2008 kina uzito. Padri John Webootsa, mmisionari wa shirika la Wakomboni aliyehudumu katika parokia ya Mtakatifu Yohana, alitaka watoto wa parokia wapate kitu zaidi ya mitaa na jaa la taka. Elizabeth Njoroge akaleta muziki wa okestra. Mradi wao ukaitwa Ghetto Classics, na leo uko chini ya Art of Music Foundation.

Jaa hilo ni la Dandora, jirani wa parokia. Lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanamwaga. Mwaka 2007 uchunguzi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliwapima watoto 328 wa eneo hilo na kukuta nusu yao wana risasi, yaani ile metali yenye sumu, katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Huko ndiko watoto walikoanza kujifunza vayolini, klarineti, tarumbeta na selo.

Ghetto Classics ilifanya kwa ala za nyuzi jambo ambalo Jeshi la Wokovu lilikuwa limefanya kwa tarumbeta: ala ikawa mali ya kundi na kuzungushwa kwa wanafunzi. Waliotangulia walipoiva, wakaanza kuwafundisha wadogo zao. Kuanzia mwaka 2014, tamasha la jazz la kampuni ya simu ya Safaricom, lililopendwa sana na mkuu wake wa wakati huo, marehemu Bob Collymore, liliuza tiketi ambazo mapato yake yalielekezwa kwa watoto hao. Wapigaji walioiva zaidi wakapata nafasi katika National Youth Orchestra of Kenya, ambako kijana wa Korogocho huketi benchi moja na kijana aliyelelewa mtaa wa kifahari wa Karen.

## Kuiva kunachukua nini

Selo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, nusu, robo tatu na kadhalika, ili mtoto wa miaka sita au saba aweze kuikumbatia. Mtoto hukua na selo hubadilishwa, jambo linalofanya kununua kuwe mzigo na kuazima kuwe njia ya busara.

Selo haina alama shingoni za kuonyesha noti iko wapi, tofauti na gitaa. Kidole kikikosea kwa milimita chache, noti inakuwa chafu na kila mtu anasikia. Mkono wa kushoto hutafuta noti, wa kulia hutengeneza sauti, na sikio husimamia yote mawili. Miaka miwili ya mwanzo ni ya kuvumilia sauti mbaya za mkono wako mwenyewe.

Vyuo na walimu wengi wa Nairobi hupima hatua kwa mitihani ya bodi ya muziki ya Uingereza, ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889. Ina gredi nane. Kijana anayefika gredi ya nane amekwisha kucheza na kazi za wakubwa, zikiwemo sehemu za zile suti sita za Johann Sebastian Bach, mikusanyo ya vipande vya mtindo wa dansi alivyoandika yapata mwaka 1720 kwa selo moja isiyosindikizwa na ala nyingine. Karibu kila mpiga selo duniani hupita hapo, na majaribio ya kuingia chuo cha muziki huzitaka mara kwa mara.

Pamoja na hayo, kuna mambo matatu yanayomkabili mwanafunzi wa Eastlands na ambayo hayaandikwi katika silabasi.

1. Chumba. Katika ploti ya chumba kimoja kimoja, ukuta ni mwembamba na jirani anafanya kazi usiku. Saa mbili za mazoezi ni saa mbili za kila mtu. Wengi hufanya mazoezi kanisani, au darasani shule ikishafungwa.
2. Safari. Selo haitoshei mapajani. Ndani ya matatu makanga atahesabu viti viwili, na mwenye selo atalipa au atateremka. Hata wapiga selo wakubwa wa dunia hununua kiti cha pili ndege inapowabeba, kwa kuwa wengi hawathubutu kuitupa ala hiyo kwenye shehena.
3. Hewa. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari hewa hukauka. Mbao husinyaa, vigingi vya kukazia nyuzi hulegea, na uso wa selo unaweza kupasuka. Mafundi wanaojua kuitibu ala ya namna hii ni wachache.

Kwa ufupi: kipaji kinahitajika, lakini kinachowatenganisha wanaofika na wanaoachia njiani mara nyingi ni ala, chumba na nauli.

## Somo la watu wanne

Kijana akianza kupiga katika kwateti, anagundua kwamba kazi yake si kupiga noti zake tu. Selo hubeba sauti ya chini, na wale watatu wa juu huitegemea kujua wako wapi. Selo ikikimbia, wote wanakimbia. Selo ikipanda nje ya noti, wote wanasikika kama wamekosea, hata kama wako sahihi.

Hakuna anayepunga mkono mbele yao. Wanaanza kwa pumzi: mmoja anavuta hewa na kuinua upinde kidogo, wengine wanaiona na kuingia naye. Wanasimamishana, wanabishana kuhusu mwendo, mmoja anakubali kupunguza sauti ili mwenzake asikike. Katika mazoezi mazuri ya kwateti, saa nzima inaweza kuishia kwenye mistari minane.

Ustadi huu ndio unaomlisha mpiga selo baadaye. Anayeajiri kundi la watu wanne kwa harusi anataka watu wanaofika kwa wakati, wanaobadilisha wimbo bibi harusi anapochelewa, na wanaoelewana kwa macho. Prodyusa anayetaka nyuzi kwenye wimbo wake hana subira na mtu anayehitaji kupiga mara ishirini. Sifa ya mpigaji husafiri kwa simu kutoka mwanamuziki hadi mwanamuziki, na anayejulikana kuwa mgumu wa kufanya naye kazi haitwi tena.

## Pesa zinatoka wapi

Tuseme wazi: Nairobi haina soko la mpiga selo anayeketi katika okestra moja ya kiraia, analipwa mshahara kila mwezi na kustaafu humo. Wapigaji wengi wa Nairobi Orchestra wana kazi nyingine za kuwalisha. Muziki wanaufanya kwa mapenzi.

Kwingine hali ni tofauti kwa sababu serikali zimeamua hivyo. Ujerumani ina okestra takriban 130 zinazolipwa kwa fedha za umma. Barani mwetu, Cape Town Philharmonic ilianza mwaka 1914 na Cairo Symphony mwaka 1959. Okestra ya mshahara haitokei yenyewe watu wakishajifunza kupiga. Mtu fulani hutia saini bajeti.

Kwa hiyo mpiga selo wa Nairobi huishi kwa kuunganisha vipande, na vipande vyenyewe ni hivi:

- Kufundisha. Shule za kimataifa na zile binafsi zenye vipindi vya muziki, wanafunzi wa nyumbani, na miradi kama ule wa Korogocho. Hii ndiyo nguzo, kwa kuwa ndiyo inayokuja kila wiki.
- Harusi na hafla. Hulipa vizuri kwa siku moja, lakini zina misimu. Aprili ikija na mvua, simu hunyamaza.
- Studio. Wasanii wa injili na wa muziki wa kizazi kipya hutaka sauti ya nyuzi ya kweli. Malipo ni kwa wimbo au kwa kikao.
- Matamasha ya okestra na kwaya. Pasaka na Krismasi huleta kazi nyingi kwa pamoja.
- Kupanga muziki. Anayejua kuandika noti za nyuzi kwa wimbo wa mwimbaji hulipwa kwa kichwa chake, hata siku ambayo hakugusa upinde.

Ukiuliza kama selo inalipa kodi ya nyumba, jibu la uaminifu ni kwamba inalipa kwa yule anayefundisha. Anayesubiri kuishi kwa matamasha peke yake katika Nairobi ya leo atasubiri sana.

## Waliopita njia kama hii

Abel Selaocoe alizaliwa mwaka 1992 Sebokeng, mtaa wa Waafrika uliojengwa kusini mwa Johannesburg wakati wa ubaguzi wa rangi. Alianzia selo katika mradi wa muziki wa Soweto, akapata ufadhili wa kusoma katika shule ya St John's College ya Johannesburg, kisha akaenda Royal Northern College of Music huko Manchester. Leo anapiga selo huku akiimba kwa Kisotho na lugha nyingine za nyumbani, akiweka nyimbo zake karibu na kazi za Bach. Albamu yake ya kwanza ya peke yake, *Where Is Home*, ilitoka mwaka 2022. Tazama mfuatano wake: mradi wa mtaani, ufadhili wa shule, chuo cha muziki. Ngazi moja ingekosekana, dunia isingemsikia.

Kinshasa ilipita njia nyingine. Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi na mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa Kanisa la Kimbangu, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste mwaka 1994 akiwa na ala chache tu. Wapigaji walipokezana vayolini kwa zamu, na uzi ukikatika walitafuta waya wa breki ya baiskeli. Walijifunza kutengeneza baadhi ya ala wenyewe. Mchana walikuwa wafanyabiashara, mafundi na wauguzi. Jioni walikuwa okestra. Mwaka 2010 filamu iitwayo *Kinshasa Symphony* iliwaonyesha kwa ulimwengu, na mwaka 2014 walipiga Uingereza.

Selaocoe anatuonyesha mtu mmoja anavyoweza kupandishwa na taasisi zinazopokezana. Kinshasa inatuonyesha jumuiya, katika mfano huu kanisa, inavyoweza kushika okestra nzima kwa miaka thelathini bila kusubiri wizara. Korogocho imechota kidogo kwa kila upande.

## Maswali ya mzazi kabla ya kukubali

Mwanao akirudi nyumbani akasema anataka selo, usimkatalie na usikimbilie dukani. Muulize mwalimu wake mambo haya:

1. Ala ni ya nani, na ataruhusiwa kuitumia kwa siku ngapi kwa wiki?
2. Atafanyia mazoezi wapi siku ambazo hakuna darasa?
3. Je, atapiga na wenzake tangu mwaka wa kwanza, au atabaki peke yake na mwalimu?
4. Nani analipia mtihani wa gredi, nyuzi zikikatika na nywele za upinde zikiisha?
5. Waliomtangulia katika mradi huu wako wapi leo?

Swali la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Mradi mzuri utakutajia majina: huyu anafundisha, huyu yuko chuoni, huyu aliacha akawa fundi umeme lakini huja kupiga Jumamosi.

Shule nazo zimebadilika. Katika mtaala wa umilisi, sekondari ya juu ilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari 2026, na mojawapo ya njia tatu wanazochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa Kenya anaweza kuuweka muziki katikati ya masomo yake ya sekondari na mfumo ukamtambua. Lakini njia iliyo kwenye karatasi inahitaji vitu: shule ya kutwa ya Kayole au Dandora isiyo na ala hata moja itafundisha muziki kwa chaki.

## Kumbi zipo

Eastlands ina rasilimali moja ambayo mitaa mingi ya kifahari haina: kumbi za umma. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ina ukumbi wake ambamo wanasiasa walikutana kabla ya uhuru. Pumwani, Jericho na Kariobangi pia zina kumbi. Ngumi zilistawi upande huu wa jiji kwa sababu mabondia walipata kumbi za namna hii, kocha na glavu za kushirikiana.

Mpiga selo anahitaji vitu vilevile kwa majina mengine: chumba chenye kufuli, mwalimu anayelipwa, na ala ya kuazimwa. Kumbi ni za kaunti. Walimu wapo, baadhi yao wakiwa ni vijana waliolelewa na mradi wa Korogocho. Kinachokosekana ni daftari la ala, yaani hazina ya selo, viola na vayolini zinazomilikiwa na kaunti au shule, mwanafunzi akaweka saini kuchukua ala mwanzo wa muhula na kuirudisha mwisho, kama vitabu vya kiada vinavyotolewa. Selo kumi za ukubwa tofauti katika ukumbi mmoja wa Makadara, fundi mmoja wa kuzitunza na mwalimu wa siku tatu kwa wiki zingetosha kuanza. Mwakilishi wa wadi anayeulizwa kuhusu taa za barabarani na mitaro anaweza kuulizwa na hilo pia, kwenye vikao vya bajeti ambavyo sheria inataka vifunguliwe kwa wananchi.